Nilivyoonja Tende Mchana wa Ramadhani

Nyinyi mnaoagiza magunia kwa kidole gumba mkiwa mmelala chali kitandani, sogeeni karibu. Aliyenisukuma niandike haya ni binti yangu Kadzo, mwenye kiduka chake hapa Tezo. Juzi alinijia mbio na simu mkononi kunionyesha picha ya mafuta ya kupikia: madumu yamepangwa mpaka darini, bei ya kutupa, na muuzaji anataka nusu ya malipo kabla ya saa kumi za jioni. "Baba, nitume?"

Nikamwambia, "Mwambie huyo bwana akupigie picha ya dumu moja, na juu yake aweke kiatu chake cha mguu wa kushoto."

Kadzo alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini aliuliza. Yule bwana kwanza akajibu kwamba yeye ni mtu wa heshima hana wakati wa mchezo, kisha akanyamaza, kisha akapotea kabisa na picha zake zote. Mwenye mafuta kweli hashindwi kuvua kiatu, wanangu. Picha ya stoo unaweza kuiazima kwa mtu yeyote duniani, lakini kiatu chako juu ya dumu huwezi kukiazima mpaka dumu liwepo.

Mimi ni Charo. Miaka yangu yote ya kazi niliimaliza katika duka moja la jumla mjini Malindi: mchele, sukari, chumvi, samli, viungo, na tende msimu wake ukifika. Niliingia pale nikiwa mchukuzi wa magunia, nikatoka nikiwa mpokeaji wa mzigo, yaani hakuna kitu kilichoingia stoo kabla sijakitia mkono na pua. Mgongo ndio ulionistaafisha. Sasa nalima mihogo na kufuga kuku, na nawaambieni kuku ni watu waaminifu sana ukilinganisha na madalali.

Aliyenifundisha kazi ni tajiri yangu, Mzee Mselem, Mungu amrehemu. Siku yangu ya kwanza kupokea mchele alinipa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho ukikichoma kwenye gunia kinatoka na punje za ndani. Nikachoma gunia juu kabisa, karibu na mshono, kwa kuwa ndipo mkono ulipofika. Mzee akaniangalia kwa huruma.

"Charo," akasema, "gunia lina mdomo, lina kiuno, lina matako. Mdomo kila mtu anaupamba. Wewe unanunua mdomo?"

Nikachoma kiunoni. Mchele ukatoka vumbi tupu. Kule juu ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto. Mwenye mzigo alikuwa amesimama pale pale, na wala hakuona haya. Alisema tu, "Aa, kumbe mnatumia bambo," akapakia magunia yake akaenda zake kutafuta wasiotumia.

Msidhani nilielimika siku hiyo. Kuna bwana mmoja alikuja amevaa suti kwenye joto lile la Malindi, akaniuzia pilipili manga. Nilitazama suti zaidi ya pilipili. Haikupita wiki, akaja mpishi wa harusi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, akanimwagia konzi ya pilipili mezani. "Charo! Pilau yangu haiwashi! Watu wamekula kama uji wa mgonjwa! Umeniaibisha mbele ya wakwe!" Mzee Mselem hakunigombeza. Alileta gilasi ya maji akazitia ndani. Zingine zikazama, na zingine, nyingi tu, zikaelea juu zimetulia. Zile za kuelea zilikuwa mbegu za papai zilizokaushwa. Akanifungia kwenye karatasi, akaniambia nizipeleke kwetu Tezo nikapande. Nilijua ananitania, lakini nilizipanda kwa hasira, na mbili tatu zikaota kweli. Tulikula mapapai ya yule bwana wa suti miaka mingi, matamu ajabu.

Tangu hapo gilasi ya maji haikuondoka mezani pangu. Na nikajifunza kupitisha mkono chini ya gunia, si juu tu, kwa sababu ya dalali mmoja wa chumvi. Alituletea magunia akidai anatoka nayo Marereni. Yalikuwa mazito mpaka wachukuzi wakalalamika. Tukayapima tukafurahi. Kufika Ijumaa sakafu ya stoo ilikuwa imelowa, na magunia yamenywea. Alikuwa ameyamwagia maji njiani, yule mtu. Nilikwenda mwenyewe Marereni nikauliza kwa watu wa chumvi, na hakuna aliyewahi kumsikia hata kwa jina. Basi, nikatia akilini: mtu akikutajia anakotoka mzigo, nenda uulize huko anakokutaja. Usimuulize yeye.

Hilo la kwenda kuuliza ndilo nyinyi mnaloliona la kizamani. Mnaniambia, "Babu, kampuni ina nembo, ina anwani, ina watu wa kupokea simu." Sawa. Kampuni moja ya sukari iliwahi kutuandikia barua nzuri yenye nembo ya tai, na anwani ya stoo Mombasa. Mzee Mselem akanitia nauli mkononi, akaniambia, "Nenda ukaione hiyo stoo, ukiikuta ipige busu." Nikaenda, nikaitafuta mtaa kwa mtaa, nikaipata namba yenyewe juu ya mlango. Palikuwa kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe aliponiona nasimama mlangoni na barua, alicheka akafuta kiti vumbi. "Nawe umekuja kutafuta sukari? Keti nikunyoe. Wenzako wote nimewanyoa." Nilirudi Malindi nimenyolewa vizuri sana, na fedha za tajiri ziko salama.

Sasa niwaambie la tende, maana hilo ndilo lililotikisa nyumba.

Mzee Mselem alipofariki, duka lilibaki mikononi mwa mkewe, Bi Zuhura. Mama mpole, mwenye maneno machache, lakini kichwa chake kikali. Marehemu alikuwa na ndugu yake, Bwana Athumani, mwenye duka lake la jumla kule Kilifi. Huyu shemeji kila akija kutoa salamu alikuwa na wimbo mmoja: duka la jumla ni shughuli ya wanaume, Bi Zuhura apumzike, amkabidhi yeye funguo, jengo likodishwe, naye awe anapata chake kila mwezi. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliamini kwa dhati kwamba anamwonea shemeji yake huruma. Lakini jengo likikodishwa, mimi na wachukuzi tulikuwa tunakwenda nyumbani, na Bi Zuhura alikuwa anakwenda kukaa ndani kutazama ukuta.

Mbele ya familia nzima Bi Zuhura akawaambia: "Nipeni Ramadhani moja. Nikila hasara, funguo nitazileta Kilifi mwenyewe."

Nyinyi wa pwani hamna haja ya kuelezwa. Ramadhani bila tende ni nini? Wenye maduka kuanzia Marereni mpaka Tezo walikuwa wameweka oda kwetu. Bi Zuhura alitaka aing'arishe ile Ramadhani, awaonyeshe watu. Na ndipo kwenye simu yake akatokea kijana aliyejiita Fuad, muuzaji wa tende kwa jumla, bei nafuu kuliko ya mfanyabiashara wetu wa siku zote wa Mombasa. Nilimwambia tuanze kidogo. Tukaanza kidogo. Mwezi wa Shaabani akatuletea katoni chache, na wallahi, tende zilikuwa asali. Tulizila dukani sote, tukaramba na vidole. Bi Zuhura akaagiza mzigo mkubwa.

Hapo, wanangu, ndipo pa kushika. Mwizi wa rejareja anakuibia mara ya kwanza. Mwizi wa jumla mara ya kwanza anakulisha. Oda ndogo ikija nzuri, hujajua lolote bado kuhusu oda kubwa.

Mzigo mkubwa ulitakiwa kufika kabla ya mwezi kuandama. Haukufika. Kesho, inshallah. Lori limeharibika. Dereva anaumwa. Mwezi ukaandama, watu wakaanza kufunga, na sisi rafu za tende tupu, wenye maduka wanapiga simu mpaka simu inakuwa ya moto. Mimi nilidhani ni uzembe. Kumbe kijana alikuwa na hesabu zake. Alikuwa anangoja tuwe na shida mpaka kooni, na anangoja kitu kingine pia, ambacho hakikunipitia akilini hata kidogo.

Wiki ya kwanza ya mfungo, saa sita mchana jua la utosi, lori likasimama mlangoni, na mbele yake gari dogo. Akashuka Fuad, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia hatua kumi kabla hajafika.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam," nikamwitikia.

"Shikamoo, ami. Saumu inaendaje?"

"Tunashukuru Mungu," nikasema.

Hapo nitulie niwaeleze jambo. Mimi ni mtu wa kanisa. Jumapili nimo kwaya, sauti ya nne. Lakini ukifanya kazi Malindi miaka mingi, salamu unaitikia kama ulivyopewa, na kofia kichwani kwangu ilikuwa ya kushonwa kwa mkono, zawadi ya Mzee Mselem siku moja ya Idi. Niliivaa kila siku. Mchana wa Ramadhani nilikuwa najibanza nyuma ya magunia ya mchele na kipande changu cha muhogo, si kwamba kuna aliyenikataza, ni haya tu ya kutafuna mbele ya watu wenye kiu. Kwa hivyo Fuad alimwona mzee wa kofia anayeitikia salamu vizuri na hali kitu. Akaniweka katika hesabu ya waliofunga.

Bi Zuhura alikuwa mezani, simu mkononi, tayari kulipa. Fuad akaanza haraka zake. "Bibi, lipa tushushe. Lori hili linasubiriwa Garsen, watu wananigombeza."

"Acha watu wangu watazame kwanza," Bi Zuhura akasema.

Fuad akashika kifua. "Bi Zuhura! Mwezi kama huu, na mimi na saumu yangu, wallahi, nikuuzie kitu kibovu? Wewe mama yangu?"

Mnaijua aibu hiyo. Mtu akishaapa kwa saumu yake mbele ya watu, kisha wewe ukafungue mzigo wake kutafuta uovu, ni kama umempiga kofi. Nilimwona Bi Zuhura anainamisha macho. Angekuwa ameapa mwezi mwingine, mama angecheka. Lakini hivyo alivyoapa, alimfunga mikono.

Mimi sikungoja. Nilipanda lorini kimyakimya. Fuad akanisogezea katoni ya mlangoni, "Hii hapa, ami." Nikamshukuru, nikaiweka kando, nikachimba mwenyewe katikati ya mzigo, nikatoa nyingine. Sikuifungua juu. Niliigeuza nikaifungua chini.

Basi nitawaambia ukweli: macho yangu hayakuona kitu. Tende zinang'aa. Ukibonyeza, laini. Mdudu haonekani. Nikanusa, zinanukia waridi.

"Mbona zinanukia waridi?" nikauliza.

"Daraja la kwanza, ami. Ndivyo zinavyotoka huko."

Nimepokea tende tangu ndevu zangu nyeusi, na tende inanukia tende. Ukitia arki ya waridi, kuna harufu unaificha. Lakini huo ulikuwa wasiwasi wangu tu, na wasiwasi hauwezi kushindana na mtu aliyeapa. Kilichobaki ni kuonja. Na nani aonje? Wachukuzi wamefunga. Bi Zuhura amefunga. Najua kuna mtakaoniambia mpishi anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Mchuzi, ndiyo. Tende lazima uitafune uifikie kokwa. Yule kijana alikuwa amengoja mchana wa mfungo ili asiwepo mtu hata mmoja wa kutafuna.

Bi Zuhura aliinua macho akanitazama pale juu ya lori. Akaniuliza taratibu kabisa, "Charo, leo umekula?"

"Bado, bibi."

"Basi kula."

Fuad akaruka. "Astaghfirullah! Bibi, unamvunjisha mzee saumu?"

"Saumu gani?" Bi Zuhura akasema. "Huyu ni Mkristo wa Tezo. Anaimba kanisani, sauti nzito mpaka madirisha yanatikisika."

Lo! Ningekuwa na kamera. Fuad alinitazama kofia, akanitazama mdomo, akarudi tena kwenye kofia.

Nami sasa nikashikwa na haya zangu. Miaka yote nimejificha kula mchana, leo naambiwa nile mbele ya umma, juu ya lori, jua linawaka, kama niko jukwaani. Nikajikaza. Nikatia tende mdomoni. Bibi mmoja wa buibui aliyekuwa akipita akasimama ghafla. "Ewe mzee! Huogopi? Na kofia hiyo kichwani!"

"Niko kazini, mama!"

"Kazi gani ya kula?"

Watu wakaanza kukusanyika. Mimi natafuna. Na ndani ya ile tende, chini ya mafuta waliyopakaza ing'ae na lile waridi lao, ikanijia ladha ninayoijua tangu utotoni, ladha ya mnazi uliolala siku mbili kwenye kibuyu. Nyumbani kwetu mnazi ni kinywaji cha wazee, na nimeona mwingi ukichacha. Tende ile ilikuwa imechacha kama mnazi. Nikatema. Nikachukua ya katoni nyingine, mchanga mtupu. Nikachimba ya tatu kule nyuma kabisa, nikaipasua, ndani mna mdudu mzima mzima, mnene, ambaye naye hakuwa amefunga. Nikaishika juu watu waione.

"Bibi, usilipe. Ni za zamani. Zimeoshwa na kupakwa mafuta."

Fuad akasema ni katoni hizo tu, bahati mbaya. Nikamwambia, "Haya, chagua wewe, mimi bado nina njaa." Hakuchagua. Watu wakaangua kicheko, hata yule bibi wa buibui, akaniambia, "Kula, baba, kula kazi yako." Bi Zuhura aliilaza simu kifudifudi mezani. "Mwanangu," akamwambia Fuad, "funga turubai lako uende. Saumu yako utajibu wewe."

Lori likaondoka. Watu wakatawanyika wakicheka, na mimi nikaingia ndani nikidhani nitakuta furaha. Nilimkuta Bi Zuhura analia.

"Nimepona kuibiwa, Charo," akasema, "lakini tende sina. Watu wa Marereni niwaambie nini? Ramadhani niliyoomba ndiyo hii imekwisha."

Moyo uliniuma sana, maana ilikuwa kweli. Nikatoka mlangoni nipate hewa, na hapo nikaona kitu kikanirudisha ndani mbio. Lile lori linalosubiriwa Garsen, kaskazini, lilikuwa limegeuza pua kwenye barabara ya kusini.

"Bibi, wanakwenda Kilifi!"

Bi Zuhura akapangusa uso kwa mtandio. Akachukua simu, akaanza kurekodi sauti na kuituma kwa kila mwenye duka anayemjua, wateja wake na washindani wake, mmoja baada ya mwingine: lori la namna hii, kijana wa namna hii, msinunue, zimechacha. Alipofika kwenye jina la shemeji yake, kidole kikasimama.

"Nikimtumia huyu," akasema, "atajua sina tende. Atakuja kesho kuchukua funguo."

"Na usipomtumia?"

"Atanunua. Anapenda rahisi kuliko mimi." Akacheka kidogo katikati ya machozi. Kisha akabonyeza, akasema, "Shemeji, mimi Zuhura," akamweleza yote, mpaka kwamba rafu zake ni tupu. Hakuficha hata neno.

Simu ikalia karibu na alasiri. Bwana Athumani, ananong'ona.

"Shemeji, hilo lori liko mlangoni kwangu. Ameniapia kwa saumu yake. Nimemwambia mwenye ufunguo wa stoo amekwenda kuswali, nikamtia kwenye kivuli. Huyo Charo wako ameshashiba?"

Nilipanda gari ya kwanza niliyoipata kwenda Kilifi. Njiani nilikuwa nimejitayarisha, nimesukutua kinywa na maji, nimepanga nitakavyochimba katoni za katikati. Sikuhitaji. Nilishuka mbele ya duka la Bwana Athumani, na Fuad aliyekuwa amekaa kivulini akipiga soga na makarani aliinua uso, akaniona, akasimama kama ameketi juu ya siafu. Hakuaga. Alimpigia dereva mluzi, lori likanguruma, gari dogo likalifuata, na vumbi lao likatuingia machoni sote.

Bwana Athumani alibaki amesimama na simu mkononi, tarakimu za malipo alizoandika kabla ya kusikia sauti ya shemeji yake bado zimo. Akazifuta moja moja.

"Hukuonja hata moja," akaniambia.

"Aliona meno yangu, bwana. Yalimtosha."

Hakucheka. Aliingia ndani, akazunguka stoo yake, akarudi. Akampigia Bi Zuhura, akaiweka simu wazi mezani nasi tusikie. Alikohoa kwanza, kama mtu mzima anapotaka kusema jambo zito.

"Shemeji, nina tende hapa za yule mfanyabiashara wetu wa Mombasa. Nimezipata mapema, ni nyingi kuliko wateja wangu. Nitakupa nusu, kwa bei niliyonunulia, uwapelekee watu wako wa Marereni." Mimi nilikuwa nangoja habari ya funguo, na nadhani Bi Zuhura kule Malindi alikuwa anaingoja pia, maana hatukusikia hata pumzi yake. "Na mwaka ujao," Bwana Athumani akaendelea, "ukiagiza tende, agiza na zangu. Utafute wewe, uchague wewe. Mimi nitachukua utakachosema."

Tukasikia mama anavuta kamasi. Nilijua analia tena, na safari hii niliona raha.

Kisha sauti ya Bi Zuhura ikatoka mezani, kavu, sauti ya tajiri.

"Ahsante, shemeji. Charo upo hapo?"

"Nipo, bibi."

"Zionje kwanza."

Makarani walijiziba midomo. Bwana Athumani alinitazama, akaitazama simu, kisha akavuta katoni kutoka katikati ya safu kwa mkono wake mwenyewe, akaigeuza chini juu, akaipasua upande wa chini, akanisogezea.